Siku Fimbo ya Njia Ilipokwenda Ambanoro

Wiki iliyopita nilirudisha filimbi, bendera mbili na funguo za chumba cha tiketi, nikatia saini mahali nilipoonyeshwa, nikaenda nyumbani kupumzika. Saa nane na dakika kumi mchana nikasimama ghafla katikati ya sebule, mkono juu, mdomo tayari kupuliza. Mke wangu akaniangalia.

"Saidi," akasema, "hapa hapana treni. Hapa pana mihogo. Menya."

Basi asubuhi namenya mihogo, na mchana naandika. Ninyi vijana mnaobaki stesheni ndio mlioniomba. Sitawaambia nilipanda cheo lini, kwa sababu hata mimi sikumbuki vizuri, na ngazi yenyewe haikuwa ndefu. Nitawaambia ya siku za mwanzo, na ya mtu aliyenifundisha kazi, na ya kosa moja ambalo sidhani mtu mwingine wa reli duniani amepata kulifanya. Naandika kwa Kiswahili cha chuoni, kile ambacho babu zetu walikitumia kuandikiana barua za biashara. Lakini msidhani tulizungumza hivyo. Kazini tulisema Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na matusi tuliyaacha yabaki Kingazija, maana ndiko yaliko na ladha. Maneno ya watu nimeyageuza mwenyewe. Na idadi zangu mzipunguze kidogo: mke wangu huzigawanya kwa hamsini.

Nilianzia mji wa bandari wa Mahajanga, nilikozaliwa, mtaa wa Tanambao. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa gatini, mahali tulipopaita Stesheni ingawa treni haikuwepo. Palikuwa na reli, ndiyo, nyembamba kama utepe, kutoka ukingo wa gati mpaka maghalani, na juu yake vitoroli vilivyosukumwa na wanaume sita sita wakiimba. Injini ilikuwa ni mabega yao. Upande mmoja ziliingia meli za nje. Upande wa pili zilishuka tishari kutoka mtoni, na maji yaliyokuja nazo yalikuwa mekundu kama matofali yaliyoyeyuka. Nyuma ya maghala yalingoja malori ya bara, yale yanayopita Belobaka yakiwa yamejaa hata dereva hujui amekaa wapi. Na langoni pusipusi mia tano, vile vigari vya kuvutwa na watu, wavutaji wakigombea abiria mmoja mwenye kikapu.

Siku yangu ya kwanza meli, tishari na malori vilifika kwa pamoja. Nilisimama na chaki yangu mkononi nikasahau kupumua. Nilidhani dunia nzima imeamua kuhamia Mahajanga siku hiyo, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuionyesha njia. Na kweli ndiyo kazi niliyopewa: kuandika juu ya kila mzigo neno moja, Mto, Barabara au Bahari. Saa tatu asubuhi niliandika Mto juu ya piano ya mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akihamia bara kwa barabara. Ilipanda tishari, ikaenda zake. Nasikia mpaka leo inapigwa huko Marovoay, na watu wa huko wananiombea dua.

Wakubwa walituambia kila mwaka kwamba reli ya kweli inakuja kutoka mji mkuu. Kila mwaka walikuja wapimaji wakapigilia vigingi. Vilikuwa vigingi imara sana, watu wa Belobaka walivisifu: mbuzi aliyefungwa hapo hakung'oka.

Jioni nilisoma. Mwalimu wetu alikuwa karani mstaafu wa forodha, na darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la viungo, tukitoka tunanuka karafuu. Hakuwa na vitabu vya shule. Alichokuwa nacho ni nakala kumi na mbili za kitabu cha kanuni za reli, zilizokuja gatini kwa makosa, zikiisubiri hiyo treni ya mji mkuu. Basi Kifaransa chetu chote tukakitoa humo. Nilijua kusema "ni marufuku kupanda behewa likiwa katika mwendo" kabla sijajua kusema "nina njaa." Siku ya kupewa cheti nilisimama nikasoma kwa kichwa kifungu kizima cha breki, na mzee wangu akatokwa machozi, ingawa hakuelewa neno.

Cheti hicho ndicho kilichonipeleka kisiwani Nosy Be. Kampuni ya sukari ilitafuta mtu wa stesheni anayejua kanuni, na Mahajanga nzima, mji wenye watu wengi kama mchanga, ulikuwa na watu kumi na wawili tu wanaojua kanuni za treni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Niliiona kwa mara ya kwanza kutoka kwenye mashua iliyotuteremsha kutoka melini, kabla hata hatujagusa gati la Hell-Ville, mji wa kisiwa hicho. Ilikuwa imesimama imepumzika, nyeusi, ikitoa mvuke kidogo kidogo kama mtu anayepoza chai. Kisha ikapiga mluzi. Vijana, mimi ni mtu mzima sasa, nimeoa, nimezika wazazi, nimeona mambo. Sijapata kusikia kitu kama mluzi ule. Uliingia kwa nyayo ukatokea utosini. Kasha langu la nguo lilianguka majini na mimi sikugeuka.

Stesheni yenyewe ilikuwa banda la bati lenye jukwaa moja, dirisha moja la tiketi na saa moja ya ukutani. Kwangu ilikuwa Stesheni Kuu, na mpaka leo nagombana na anayesema vingine. Hapo palikutana mashua za abiria, wachuuzi wa samaki kutoka kijiji cha Ambanoro, magunia ya sukari yanayokwenda melini na wafanyakazi wanaokwenda kiwandani. Njia ilikuwa moja tu, kilomita nane na ushei, kutoka gatini mpaka kiwandani, katikati ya miwa iliyofunga pande zote mbili kama ukuta. Injini zilikuwa mbili. Mkuu wa stesheni alikuwa Mkrioli wa Reunion tuliyemwita Bwana Shefu, mtu wa haki aliyependa sana kusafiri, kwa hiyo mtu aliyeongoza njia kweli alikuwa mwingine.

Huyo mwingine alikuwa Zafy, Msakalava wa hapo hapo, mkuu wa njia. Sisi sote tulimwita Zoky, kaka mkubwa, ingawa alikuwa na umri wa baba zetu. Alikuwa mrefu, goti moja bovu, sauti ndogo. Hakujua kusoma. Lakini alijua kila taruma, kila ubao uliolala chini ya reli, kwenye zile kilomita nane, na si kwa namba: aliyajua kama mtu anavyojua ng'ombe wake, hili lina ufa, lile linapenda kunywa maji, hili tulililaza siku ya mvua ya mawe.

Siku yangu ya kwanza sikupewa tiketi wala bendera. Zafy alinipa fimbo.

Ilikuwa ya mti mwekundu mgumu, ikinifika kiunoni, na karibu na kichwa ilikuwa na pete pana ya shaba iliyochongwa majina mawili: gatini na kiwandani. "Soma," akaniambia. Nikasoma. "Basi. Umeshasoma kitabu chote. Reli ni moja na injini ni mbili. Dereva mwenye fimbo hii ana njia yote. Dereva asiye nayo hana hata shubiri. Shefu akisema nenda, na fimbo haipo, hatuendi. Gavana akisema nenda, hatuendi."

"Na Mungu akisema?" nikamtania.

Alifikiri kweli kweli. "Mungu akitaka twende," akasema, "ataileta fimbo."

Nilitembea nayo wiki nzima, kula nayo, kusalia nayo pembeni. Nilishangaa jinsi chuma chote kile, moto wote ule, tani zote zile za miwa, vilivyokuwa vikitii kipande cha mti. Asubuhi dereva wa kiwandani, mtu mmoja aitwaye Velo, angeingia na treni yake akanikabidhi fimbo dirishani. Ningeitundika kwenye msumari wake. Mchana dereva wa gatini, Madi, kijana wa Kingazija mwenye maneno mengi kuliko mvuke wa injini yake, angekuja kuichukua, aende nayo na kurudi, na jioni Velo angeirudisha kiwandani. Injini moja ikifika na kukabidhi, ndipo nyingine iondoke. Hakuna kingine. Nilikuwa nalala usingizi mtamu kama mfalme.

Sasa njooni kwenye Ijumaa yenyewe.

Ulikuwa msimu wa mvua, na daraja la barabara ya kiwandani lilikuwa limesombwa siku nne kabla. Daraja la reli lilisimama. Bwana Shefu alikuwa Mahajanga. Siku hiyo treni zilikuwa zimebadilishana: Madi aliingia na fimbo asubuhi, nikaitundika, na ilikuwa aondoke nayo tena saa nane, baada ya sala. Velo na injini yake walikuwa kiwandani. Zafy alikuwa amekwenda kutazama mataruma.

Saa sita na nusu akaja Fundi Athumani (kwetu mwalimu wa dini huitwa Fundi), khatibu wa msikiti mdogo ulio nyuma ya stesheni, akihema. Alikuwa na vipande viwili vya fimbo mkononi. Mnajua kwetu khatibu hasimami kwenye mimbari mikono mitupu. Lazima aegemee fimbo. Ile ya msikiti ilikuwa imeliwa na mchwa ndani kwa ndani, na alipoijaribu ikakatika kama biskuti.

"Mwanangu Saidi," akasema, na macho yake yakapanda mpaka kwenye msumari. "Hiyo ni ya nani?"

"Ni ya njia, Fundi."

"Ya njia," akasema taratibu, akiitazama ile pete ya shaba iking'aa. "Na mimi nakwenda kuwaambia watu nini leo, kama si habari ya njia? Niazime. Nusu saa. Nikishuka mimbari nakurudishia mkononi."

Vijana, mngefanyaje? Huyu ndiye aliyenisomea nilipougua. Treni ilikuwa bado saa moja na nusu. Nikaishusha nikampa kwa mikono miwili.

Na sitasema uongo, nilikuwa na fahari. Nilikaa safu ya pili nikaitazama fimbo yangu juu ya mimbari. Alipoigonga sakafuni kusisitiza neno, Madi dereva, aliyekuwa kaanza kusinzia nyuma yangu, aliruka nusu kusimama akidhani ameitwa kazini. Sijasikia hotuba nzuri kama ile tena. Ilionekana hata Fundi mwenyewe ameongezeka kimo, kama kwamba amekabidhiwa kilomita nane za watu.

Baada ya sala nilikimbia kufungua dirisha, maana abiria walishajipanga. Nikajua Fundi atakuja nyuma yangu. Nikauza tiketi. Nikatazama saa. Nikauza tiketi. Saa nane kasoro robo nikamtuma mchuuzi mmoja msikitini, akarudi akicheka.

"Fundi ameshaondoka. Watu wa Ambanoro walikuja kumchukua na ngalawa, wana harusi. Ameshuka ufukweni anatembea kwa madaha, na fimbo mpya."

Nikafunga dirisha la tiketi nimkimbilie ufukweni. Na hapo hapo akaingia mtu wa kiwandani, tope mpaka shingoni, amebeba baiskeli begani. Alikuwa amevuka kwa kuogelea pale daraja la barabara lilipokuwa, maana la reli liko mbali na hapo. Hakunitafuta mimi. Alimtafuta Zafy, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anapanda jukwaani akipangusa mikono.

"Zoky, ni Soa," akasema. Soa alikuwa binti yake Zafy, mwanawe pekee, mke wa fundi wa mitambo kule kiwandani. "Uchungu ulimwanza jana. Mtoto amekaa vibaya. Mkunga amesema yeye basi, apelekwe kwa daktari, hapa hospitali. Barabara haipo. Leteni treni."

Madi alikuwa ameshapanda injini kabla mtu yule hajamaliza. "Moto uko tayari!" akapiga kelele. "Saidi! Fimbo!"

Zafy akageuka kwangu, mkono umenyooshwa. Kisha akautazama ule msumari.

"Fimbo iko wapi?"

"Iko Ambanoro, Zoky."

"Inafanya nini Ambanoro?"

"Inaozesha."

Hakuna aliyecheka. Nikamweleza yote kwa maneno kumi. Nilitaka anipige. Angenipiga ningepumua.

"Twende tu!" Madi akasema kutoka juu. "Fimbo ilikuwa huku, sivyo? Basi kule hawanayo. Velo hawezi kutoka. Njia ni tupu, Zoky, hata mtoto anaona!"

"Wewe una fimbo?" Zafy akauliza.

"Sina, lakini..."

"Sasa hivi unataka kutoka bila fimbo, kwa sababu Soa anaumwa. Velo yuko kule anamsikia kwa masikio yake. Yeye ni mtu wa namna gani, si kama wewe?"

Madi akapiga ngumi ubavu wa injini. "Zoky, mwanao anakufa!"

"Najua ni mwanangu. Jina lake nilimpa mimi."

Alisema hivyo kwa ile sauti yake ndogo, akashuka jukwaani kwa goti lake bovu, akaenda akaketi juu ya reli, mbele ya injini ya Madi, mgongo kwa magurudumu. Watu wote jukwaani walisogea kutazama. Nasema watu elfu mbili; mke wangu atasema arobaini. Sikupata kuona kitu kikubwa kuliko mzee yule aliyeketi chini. Jasho lilimtiririka kama mtu anayenyeshewa peke yake.

"Saidi," akaita. "Kwenye kitabu chenu, fimbo ikikosekana?"

Kifungu kilinitoka chenyewe, kwa sauti ya darasa la jioni, na harufu ya karafuu juu. Fimbo ikikosekana, atateuliwa mtu mmoja mbele ya mashahidi, afungwe kitambaa cheupe mkononi. Mtu huyo atakuwa ndiye fimbo. Hakuna treni itakayokwenda bila yeye kuwemo. Na ataanza kwa kuipita njia yote kwa miguu.

Zafy aliitikia kila neno kwa kichwa. Alikuwa akikijua. Mtu asiyejua herufi moja alikijua kifungu kile kabla sijazaliwa.

Akavua kilemba chake cheupe, akachana kipande, akanifunga mkono wa kushoto. "Wewe uliyeitoa, wewe utakuwa ndiyo yenyewe. Pita katikati ya reli. Bendera nyekundu mkononi. Ukifika kule mpande na Velo mje. Ukikutana na injini njiani," na hapo akaniangalia vizuri, "usiruke pembeni. Fimbo hairuki."

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka kivuli changu kikawa kinafika nyuma yangu. Mataruma yamepangwa kwa makusudi ya kumchosha binadamu: moja ni fupi kwa hatua, mawili ni marefu. Miwa pande zote, juu ya kichwa, hakuna upepo. Nilikuwa nikijisemea kwamba njia ni tupu, Madi alisema kweli, mimi nakimbia bure na Soa anakufa kwa sababu ya kofia yangu ya karani na fahari yangu ya safu ya pili. Ilipobaki kama theluthi ya njia, pale kwenye kona inayopinda kulia ambapo huoni hatua ishirini mbele, nilisikia reli inalia chini ya miguu yangu.

Kisha mluzi. Mrefu, haukatiki.

Velo alikuwa ametoka.

Nilisimama katikati nikanyoosha bendera kwa mikono yote miwili. Sikuwa jasiri, msinipambe: nilikuwa nikipiga shahada kwa sauti kubwa. Ilitokea konani nyeusi, kubwa kuliko msikiti wa Ijumaa, cheche zinaruka magurudumuni, na ikasimama mahali ambapo niliweka kiganja changu juu ya chuma chake na kikaungua. Kovu lipo, njooni mlione.

"Toka njiani we mwandishi!" Velo akapiga kelele, uso umelowa machozi. "Nina mgonjwa!"

"Fimbo yako iko wapi?"

"Sina! Nimengoja, nimengoja, hakuna aliyekuja, unataka nikae namtazama?"

"Mimi ndiyo fimbo," nikasema, nikamwonyesha kitambaa. "Njia nimeipita yote mpaka hapa. Ni yako. Twende."

Nikapanda. Nyuma, kwenye behewa la miwa lililotandikwa majani, Soa alikuwa amelala kichwa mapajani mwa bibi mmoja mkongwe. Alikuwa na rangi ya majivu. Yule bibi akanitazama juu mpaka chini.

"Fimbo gani hii," akasema, "yenye miguu myembamba hivi?"

Na Soa, ninaapa, alitabasamu.

Tulipoiacha ile kona nyuma yetu, Velo aliitazama njia iliyonyooka upande wa gatini, kisha akanitazama mimi. "Madi moto wake ulikuwa tayari?" akauliza. Nikasema tangu zamani. Alifuta uso kwa kitambaa cha mafuta. Sote wawili tulikuwa tukipiga hesabu ile ile: injini mbili zile zingekutana wapi, na kwa kasi gani, na behewa la miwa lingekuwa wapi.

Tulipoingia stesheni Zafy alikuwa pale pale juu ya reli. Hakusogea hata hatua. Kwanza alikitazama kitambaa mkononi mwangu. Kisha akamwambia Madi, "Sasa njia ni wazi." Na baada ya hapo tu ndipo akasimama, akachechemea mpaka kwenye behewa, akaushika uso wa mwanawe, na sauti iliyomtoka siwezi kuiandika.

Daktari alifanya kazi yake mpaka magharibi. Soa alipona, na mtoto akatoka mzima, msichana, mwenye mapafu ya mluzi. Fundi Athumani alirudi alasiri na ngalawa, akanikabidhi fimbo mikononi kama alivyoahidi, inanuka udi na halwaridi, akashangaa kwa nini naitazama bila kuipokea.

Asubuhi ya Jumapili Zafy akanikuta dirishani. Bwana Shefu alikuwa anarudi na meli ya Jumatatu, na ripoti ilipaswa kuwa mezani kwake. Ripoti za Zafy niliandika mimi siku zote: yeye husema, mimi naandika, namsomea, naye anaweka dole gumba la wino.

Alisema polepole, akitazama nje. Kwamba Saidi, karani wa dirisha, aliitoa fimbo ya njia kwa mtu asiye wa reli. Kwamba kwa sababu hiyo injini ilitoka kiwandani bila fimbo. Kwamba Saidi huyo huyo alifungwa kitambaa akaipita njia akaisimamisha. Hakuongeza chumvi wala sukari.

Nami nilikuwa na mke wa miezi minne, na mama yangu Mahajanga akiwaonyesha wageni cheti changu. Kuitoa fimbo kulimaanisha kufukuzwa; kifungu kile pia nilikijua kwa kichwa. Basi mkono wangu ukaandika: fimbo ilionekana kukosekana mahali pake. Hayo tu. Kilichofuata nikakiandika chote, kwa mwandiko mzuri sana.

"Nisomee," akasema Zafy.

Nikamsomea. Nikamsomea maneno yake yeye, moja moja, Saidi aliitoa na yote, macho yangu yakitembea juu ya karatasi isiyokuwa nayo. Nilisoma vizuri. Nilisoma kama siku ya cheti.

Akafungua kidau cha wino, akachovya dole gumba, akalibonyeza chini ya karatasi, pale nilipomwonyesha. Alilibonyeza kwa uangalifu, kama anavyolijaribu taruma. Kisha akakaa, mkono juu ya goti, akitazama njia.

Niliitazama ile karatasi. Nilikuwa nimesimama mbele ya injini inayokuja nisiruke, na sasa karatasi moja nyepesi ilikuwa imenirusha kichakani. Alama ya dole lake ilikuwa bado mbichi. Kila mstari ulionekana.

Nikaichukua ile karatasi nikaichana vipande vinne. Nikavuta nyingine. Niliandika yote aliyoyasema, na jina langu nikaliandika kwa herufi kubwa, na nilipomaliza nikaupuliza wino ukauke. Kwa habari yenu, Shefu hakunifukuza. Alinitoa dirishani miezi mitatu nikafyeke majani kando ya njia, na ndiko nilikojifunza mataruma. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba naweka karatasi ya mwisho ya kazi yangu mbele ya mzee asiyeweza kuisoma.

"Zoky," nikasema, "ile ya kwanza ilikuwa na kosa. Nimeandika nyingine. Nikusomee?"

"Hapana haja," akasema.

Nikasogeza kidau cha wino karibu naye. Hakukigusa. Aliuinua tu mkono wake kutoka gotini akauleta juu ya karatasi, na ndipo nikaliona dole lake gumba. Muda wote aliokuwa akiningoja lilikuwa bado jeusi, linang'aa, hakuwa amelifuta.